Mafungo ya siku tatu Bagamoyo: samaki mzuri, maji ya chumvi, na neno "kurudi"

Nimefika Tanga Jumapili usiku, leo ni Jumatano, na tayari wanawake watatu wa kwaya yetu wameniuliza kama mafungo yale ya Bagamoyo yana thamani ya hela yake. Naandika hapa niliyoyaona, mazuri na mabaya, kila mtu asome kwa nafasi yake. Nyumba yenyewe siitaji jina, wala usharika wangu, kwa sababu nitasema na kasoro, na riziki ya watu siyo ya kuchezea. Anayetaka kwenda aniulize pembeni.

Mimi ni fundi cherehani. Nina banda langu la kushonea Ngamiani, barabara ya 13, mwaka wa 22 sasa. Ni Mlutheri wa kuzaliwa. Nilichovutiwa nacho ni kichwa cha mafungo, kilichoandikwa kwenye tangazo kwa herufi nene: "Bwana ampendaye humrudi", Mithali 3:12. Siku nilipoliona tangazo lile ubaoni nilikuwa na miezi miwili tangu nirudishwe kundini, na moyo wangu ulikuwa bado haujapoa.

Hili lazima niliseme, la sivyo msomaji hatajua napima kwa kipimo gani. Nilikuwa mweka hazina wa kwaya. Mwaka jana mwezi wa saba nilichukua shilingi 430,000 za kwaya nikalipa ada ya mtoto, nikijiambia kabla ya Krismasi zitakuwa zimerudi sandukuni na hakuna atakayejua. Nilirudisha 200,000. Hesabu zikakaguliwa. Baraza la wazee liliniita, nikakiri, nikavuliwa kazi ya hazina, nikatengwa miezi sita: hakuna Meza ya Bwana, hakuna kwaya. Deni nimelimaliza lote. Lakini ile miezi sita nilikaa benchi la mwisho karibu na mlango, nikisikia sauti ya pili ikiimbwa bila mimi, na moyoni nilikuwa nawahesabu wale wazee mmoja mmoja, nani alinyoosha mkono na nani alinyamaza. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kuadhibiwa ni kupendwa, namsikiliza nikiwa nimekunja mikono. Hivyo ndivyo nilivyofika Bagamoyo.

Safari. Nilipanda basi la saa 12 asubuhi, nikashuka Msata, nikachukua Coaster. Lami ya Msata hadi Bagamoyo ni kilomita 64, na kama gari halisimami kila mti, ni saa moja na kidogo. Kutoka stendi bajaji ilinipeleka hadi getini kwa 2,000. Ukiwa na mzigo mkubwa patana kabla hujapanda.

Malipo ni shilingi 150,000 kwa Ijumaa hadi Jumapili, kulala na kula ndani yake, pamoja na kijitabu cha masomo. Wanapokea kwa simu na risiti wanatoa papo hapo, ya kuandikwa kwa mkono na kupigwa muhuri. Kwangu mimi, kwa niliyoyapitia, risiti ni jambo kubwa, na niliikunja nikaiweka ndani ya Biblia.

Vyumba ni vya watu wawili wawili. Safi, sakafu inang'aa, feni inafanya kazi. Maji ni ya kisima na yana chumvi. Sabuni haitoi povu, utajisugua mpaka uchoke, kwa hiyo beba maji ya kunywa yako na usitegemee kufua. Chandarua changu kilikuwa na tundu la kupita kidole. Nilitoa sindano na uzi nikalishona usiku ule ule, na asubuhi nikamwambia dada wa mapokezi avikague vyote, maana si kila mgeni anatembea na sindano. Alishukuru. Jumamosi umeme ulikatika saa mbili usiku na jenereta ilichukua kama dakika 20 kuwaka. Tulikaa gizani tukiimba, kwa hiyo sikulalamika.

Chakula ni kizuri kuliko nilivyotarajia kwa bei ile. Ijumaa jioni walitupa wali wa nazi na changu wa kupaka, samaki wa siku ile, jicho lake safi, na mpishi hakuogopa ndimu. Mimi ni mtu wa Tanga, samaki wa kupaka simsifii mtu hovyo. Asubuhi chai ya maziwa, mihogo ya kuchemsha na vitumbua. Jumamosi mchana maharage yalikuwa na maji mengi. Basi, chakula kimeisha, nije kwenye kilichonipeleka.

Tulikuwa watu 34, Walutheri wengi, Waanglikana kadhaa, Wakatoliki watano na wengine sikuwauliza. Mwalimu mkuu ni mchungaji mstaafu, mzee wa zaidi ya miaka 70, anayetembea kwa bakora na hataki kipaza sauti. Alisimama mbele, akasubiri viti viache kulia, akafungua Waebrania 12. Akasoma kuanzia mstari wa 5 hadi wa 11 polepole, kisha akafunga kitabu, akasema somo zima la siku tatu limo ndani ya neno moja na kwamba hatatoka kwenye neno hilo. Alitimiza ahadi.

Alitueleza kwamba katika Kiyunani cha waraka ule neno ni paideia, na ndani yake mna neno la mtoto. Ni malezi yote: kufundishwa, kuzoezwa, kukanywa, na viboko vimo. Akasema waliotafsiri Biblia yetu ya Union Version, ile ya 1952, walikuwa na neno kuadhibu na walilitumia, lakini penye uzito waliweka kurudi. "Humrudi." Akauliza, wenye Kiswahili chenu, kurudi ni nini?

Mmoja akasema ni kurejea ulikotoka. Mwingine akasema ni kumkanya mtoto, kumtia adabu. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, akataka kuendelea, nami mkono wangu ukawa umeshapanda kabla sijaamua.

"Mwalimu, na nguo nayo hurudi."

Akageuka. "Endelea, mama."

Nikaeleza ambavyo kila fundi anavijua. Ukinunua kitambaa cha pamba kipya dukani, mita 5, zile si mita 5. Kitambaa kimevutwa tangu kwenye mtambo wa kufumia, kikavutwa tena wakati wa kunyooshwa na kukunjwa, kikawa kirefu kuliko kilivyo. Ukikikata hivyo hivyo na kukishona, gauni litakaa vizuri siku moja. Siku litakapotiwa maji litarudi: pindo litapanda, mikono itakuwa mifupi, kiuno kitabana. Fundi mwenye akili hukiroweka kwanza. Kinatoka majini kimenywea na kimekunjamana, mteja akikiona anasikitika, anakuuliza kitambaa changu umekifanya nini. Lakini hakuna uzi hata mmoja uliopotea. Nyuzi zimesogeleana tu. Na kuanzia hapo unaweza kukikata, kwa sababu sasa kinasema ukweli kuhusu urefu wake.

Ukumbi ulikuwa kimya. Mzee yule alichukua kalamu akaandika pembezoni mwa Biblia yake, nami niliona vidole vyake vikitetemeka kidogo kwa uzee. Halafu akaniuliza, "Na kama fundi hakukiroweka?"

Nikawaambia yaliyonipata. Miaka tisa iliyopita nilishona magauni 16 ya kwaya kwa ajili ya Pasaka. Muda ulikuwa mfupi, nikakata bila kuroweka. Siku ya Pasaka walipendeza, watu walinishika mkono. Baada ya kufuliwa mara moja yote 16 yakapanda juu ya magoti, na mengine yalipasuka kwapani. Nilinunua kitambaa upya kwa hela yangu na kushona upya, nikilala saa tisa usiku kwa wiki mbili. Tangu hapo sikati pamba isiyoguswa na maji, hata mteja awe amesimama mlangoni na gari linamsubiri.

Nilipokaa chini ndipo nilipojisikia nimesema jambo lililokuwa linanihusu mwenyewe. Mweka hazina, mwimba sauti ya pili, mama wa mtoto wa kidato cha tano: nilikuwa nimevutwa nikaonekana mrefu. Usiku ule sikulala mapema.

Jumamosi asubuhi walitutembeza. Tulianzia Caravan Serai, palipokuwa pakifikia misafara ya bara, ambapo leo ni makumbusho. Kutoka hapa vilipanda kwenda bara vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na waya, na kutoka bara viliteremka pembe za ndovu, na watu. Mwalimu alitusimamisha kivulini na kusema maneno ambayo kwangu mimi yalilipa nauli yote. Alisema hatuwezi kuzungumzia fimbo ya Mungu katika mji huu bila kuzungumzia fimbo nyingine. Hapa walipita watu waliochapwa maelfu ya hatua, na aliyewachapa hakuwa akiwalea. Alitaka mzigo ufike. Kisha akasoma tena Waebrania 12:10, pale panaposemwa kwamba baba zetu wa mwilini walituadhibu "kama walivyoona vema wenyewe, bali yeye kwa faida yetu". Akasema, ukitaka kujua fimbo uliyoshikiwa ni ya baba au ya mwenye mtumwa, uliza faida inakwenda kwa nani.

Ndipo dada mmoja, mama wa makamo, aliposema kwa sauti ya chini kwamba mume wake alikuwa akimpiga, na akimaliza anamsomea mstari wa 6 wa sura ile ile, "humpiga kila mwana amkubaliye".

Nilidhani mwalimu atakwepa, kama nilivyoona wengi wakikwepa. Hakukwepa. Alimwambia, "Mwanangu, mstari ule una Mungu na una wana wake. Mume hakupewa fimbo humo, hata ukiusoma kinyumenyume. Aliyekusomea aliiba." Akaongeza kwamba mwandishi wa waraka mwenyewe amekiri kuwa hata baba mzazi huadhibu kwa kukisia, huzidisha na hukosea, na kwa hiyo hakuna mwanadamu anayeweza kusimama juu ya mwenzake akasema mkono wangu huu ni wa Mungu. Yule mama hakujibu. Baadaye nilimwona amekaa na mke wa mwalimu kwenye ngazi, na sikuwasogelea.

Kutoka hapo tulikwenda Misheni. Hii ni historia ambayo wengi mnaijua: mapadri wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja mwaka 1868, wakafungua kijiji cha waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto walionunuliwa sokoni Unguja ili waachwe huru. Tuliona makumbusho, mbuyu mkubwa wenye kipande cha mnyororo kilichomezwa na gome, na mnara wa kanisa la zamani ulipolazwa mwili wa Livingstone Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka bara hadi pwani. Kwa kweli muda ulikuwa mdogo, dakika 40 kwa mahali kama pale ni dharau. Waandaaji waongeze saa moja na wapunguze hotuba ya ukaribisho ya Ijumaa, iliyokuwa ndefu bila sababu.

Sasa kasoro kubwa, na hii naiandika kwa uchungu.

Jumamosi mchana walitugawa makundi manne, na kila kundi likapewa mwezeshaji. Wetu alikuwa kijana, msemaji mzuri, amevaa shati limenyooshwa vizuri. Kila mtu alitakiwa aseme lini aliona mkono wa Mungu ukimrudi. Mama mmoja wa kutoka Mlandizi alisema hajui kama yake ni hiyo, ila mwaka jana alimzika mwanawe wa miaka minne, homa ya siku tatu. Kijana yule, bila hata kumeza mate, akamwambia Mungu alikuwa akimrudi ili amsogeze karibu naye, na siku moja atashukuru.

Mama yule aliinuka, akaokota kanga yake iliyokuwa imeanguka kwenye kiti, akatoka. Hakupiga kelele. Kijana akaendelea na aliyefuata.

Nilitoka nyuma yake, na wengine wawili walitoka. Tulimkuta chini ya mwembe. Hatukuwa na la kusema, tulikaa naye. Mzee mwalimu alipopata habari alikuja kwa bakora yake, akaketi kwenye mzizi wa mwembe, suti yake yote kwenye vumbi, na yeye pia hakusema kitu kwa muda mrefu. Alichouliza ni jina la mtoto. Mama akamtajia. Mzee akalirudia lile jina mara mbili, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaka kuhakikisha amelishika.

Usiku, umeme uliporudi, alibadilisha ratiba na kufungua Ayubu. Hapa nilijifunza kitu ambacho katika miaka yangu yote ya kanisani sikuwahi kukisikia. Katika Ayubu 5:17 kuna maneno mazuri kabisa, kwamba heri mtu yule ambaye Mungu humwadhibu. Yanafanana sana na Mithali. Lakini nani anayasema? Elifazi, mmoja wa rafiki za Ayubu. Na anamwambia nani? Mtu aliyewazika watoto wake kumi. Halafu nenda mwisho wa kitabu, sura ya 42, mstari wa 7: Bwana anamwambia Elifazi huyo huyo kwamba hasira yake imewaka juu yake na rafiki zake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa. Mzee akasema, "Elifazi alikuwa na mstari mzuri akaupeleka kwenye nyumba siyo." Akatukumbusha Yohana 9, wanafunzi wanapouliza nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, na Yesu anawakatalia swali lenyewe. Na Maombolezo 3:33, kwamba moyo wake hapendi kuwatesa wanadamu. Akaomba radhi mbele ya watu wote kwa niaba ya mafungo. Kijana mwezeshaji alikuwa amekaa mstari wa tatu, ameinama.

Simlaumu sana kijana kama ninavyowalaumu waliompa kiti kile. Ukinipa mwanafunzi wa mwezi mmoja nikamwachia kitambaa cha bibi harusi, kosa ni langu. Waandaaji, kama mnasoma: somo hili lina makali, msimpe kila anayejua kuongea. Na swali la namna ile msiwalazimishe watu kulijibu kwa zamu. Anayejua kwamba Mungu alimrudi kwa jambo fulani atasema mwenyewe kwa hiari yake, kwa sababu analijua kosa lake. Mimi langu nalijua, tarehe na kiasi. Msiba wa mtu mwingine mimi siujui, na hakuna aliyenituma kuutafsiri.

Jumapili asubuhi, kabla ya ibada ya kufunga, lilikuwa somo la mwisho: Ufunuo 3:19, barua kwa Laodikia. "Wote niwapendao mimi nawakemea, na kuwarudi." Mzee akatuambia tusiishie hapo, tusome mstari wa 20 kwa pumzi ile ile. "Tazama, nasimama mlangoni, nabisha." Akauliza, aliyetoka kukukemea sasa hivi yuko wapi? Yuko mlangoni kwako, anapiga hodi. Hakukemea akaondoka zake.

Na hapo mimi niliondoka ukumbini, kwa mwili nipo, kwa akili nilikuwa Ngamiani barabara ya 13.

Katika baraza letu la wazee kuna bibi mmoja wa miaka 68. Ndiye wa kwanza aliyenyoosha mkono nitengwe. Nilimwona kwa macho yangu. Na ndiye aliyekuja kwenye banda langu kila Alhamisi, saa kumi alasiri, miezi yote sita. Kila Alhamisi alikuja na nguo. Leo pindo la gauni limefumuka. Wiki inayofuata mfuko wa koti la mzee wake umetoboka. Wiki nyingine mkono wa blauzi umeachia mshono. "Hodi, mwanangu, nimekuletea kazi kidogo." Nilimwamkia shikamoo kwa sababu ni adabu, nikashona bila kuinua macho, akalipa 1,000, akakaa nusu saa kwenye stuli akizungumzia bei ya nazi na mguu wake unaouma, akaondoka. Nilikuwa na hakika ametumwa anichunguze. Nilimwambia hivyo dada yangu kwa simu.

Fundi anajua uzi. Uzi uliochakaa unakatika kwa manyoya manyoya, ncha zake zimekonda na rangi imefifia. Uzi uliokatwa una ncha butu, safi, na mishono ya pembeni yake bado ina nguvu. Mapindo ya bibi yule yalikuwa yamekatwa. Kwa wembe, hatua kwa hatua, kila mshono wa tatu au wa nne, na nguo nyingine ilikuwa mpya kabisa. Nililiona hilo tangu wiki ya kwanza, mikono yangu ililijua, lakini kwa jinsi nilivyokuwa nimejaa hasira nikasema moyoni ni dharau, ananiharibia nguo makusudi ili anipe vibarua vya mtu aliyeanguka.

Alikuwa anafumua nguo zake mwenyewe apate sababu ya kuja.

Miezi sita, Alhamisi 26. Nilihesabu pale ukumbini kwa vidole, na nikashindwa kumaliza kuimba wimbo wa kufunga. Mama wa Mlandizi alikuwa amekaa karibu nami. Alinipa upindo wa kanga yake nijifute.

Kwa hiyo, mnaouliza. Nendeni, kama mna jambo mnalijua wenyewe na mmechoka kulikunja mfukoni. Mzee yule mwalimu yupo kwenye mafungo ya mwezi wa kumi pia, nimeuliza. Hakikisheni ni yeye kabla ya kulipa. Ambaye amefiwa karibuni, kwa maoni yangu asubiri mafungo mengine, au aende na mtu wa kukaa naye na asikubali kukaa kwenye makundi ya Jumamosi. Bebeni maji ya kunywa, tochi, na sindano na uzi kwa ajili ya chandarua. Samaki Ijumaa jioni msikose.

Mimi kesho ni Alhamisi. Bibi bado anakuja, ingawa sasa naimba tena na hana haja. Jumatatu nilikwenda kununua mita 4 za pamba, bluu iliyoiva, gauni lake la Pasaka, hajui. Nimekiroweka tangu jana jioni kwenye beseni, leo asubuhi nimekianika uani. Kimenywea kama shubiri nzima. Kikikauka nitapiga pasi, nichore kwa chaki, na akipiga hodi saa kumi nitamwomba asimame nimpime.